Kinyota

Jumatatu ya pili ya mwezi, saa moja jioni,
maktaba ya shule, viti vya darasa la pili
vinavyotupandisha magoti hadi kidevuni.
Mimi ndiye karani. Naandika:
Mkutano umefunguliwa. Wajumbe watano, wote wapo.
Siandiki kwamba Delmar Haugrud amekuja na viatu vya zizini,
wala kwamba theluji ya Dakota imeziba mlango wa mashariki
tukaingilia jikoni, katikati ya masufuria.

Bwana Fossum ni mkuu wa wilaya nzima ya elimu.
Wilaya nzima ni jengo moja, mabasi mawili na nusu
(nusu ni lile linalokataa gia ya pili),
wanafunzi hamsini na mmoja,
na boila ya mwaka aliozaliwa mama yangu.
Alfajiri yeye ni dereva wa njia ya kaskazini,
saa nne ni mwalimu wa aljebra,
mchana, mpishi akiugua, ndiye mwenye upawa.
Leo amevaa tai. Tukiiona tai tunajua:
ripoti ya jimbo imefika.

Anaisoma. Kusoma, darasa la nane: kinyota.
Hisabati, darasa la tano: kinyota.
Darasa la tatu: kinyota, kinyota.
Huko mji mkuu wana kanuni: watoto wakipungua kumi
namba hufichwa, alama ndogo hukaa mahali pake,
ili mtu asijue mtoto ni yupi.
LaVonne Schmaltz anacheka hadi miwani inateleza.
"Wafiche tu," anasema, "sisi tunajua hata nani ana chawa."

Penye wengi pana mengi;
penye wanne, kila mmoja ni asilimia ishirini na tano.
Mmoja akishikwa na mafua, wilaya imeshuka.
Mmoja akihamia Fargo na mama yake,
wilaya imepanda, na hakuna aliyefundisha zaidi.

Basi tunaulizana bila kuulizana
kuhusu yule mmoja wa darasa la tatu.
Meza nzima inamjua: Corbin, wa akina Reisnour,
aliyefanya mtihani Jumatano ile ile
dalali alipokuwa uani kwao akinadi trekta.
Delmar ndiye aliyelinunua.
Anatazama viganja vyake.

Naandika: Ripoti ya matokeo imepokelewa.

Kisha bajeti. Hela za paa, ama hela za mwalimu wa muziki.
Paa linavuja juu ya piano, kwa hiyo ugomvi ni mmoja.
Ardis Tveit anataka tuungane na Kestrel, maili thelathini na nane;
kule wana maabara, wana bwawa la kuogelea.
"Na mtoto apande basi saa kumi na moja alfajiri?"
"Mwanangu alipanda."
"Mwanao alilala darasani mpaka akahitimu."
Hilo nalo siliandiki.
Wawili wanakubali, watatu wanakataa.
Namba hizi hazifichwi na mtu,
ingawa na sisi hatufiki kumi.

Mkutano ukiisha Bwana Fossum anafungua tai,
anaikunja mfukoni, anatoka kuchomeka waya wa basi
ili injini isigande usiku.
Mimi nabaki kuzima taa.

Ukutani kwa darasa la tatu kuna michoro minne:
kila mmoja alichora kwao.
Wa Corbin una ghala, una mbwa mwenye miguu mitano
(au ni mkia, sijui),
una trekta la kijani, kubwa kuliko nyumba.
Chini ameandika: madirisha tisa.
Nikahesabu. Manane.
Nikasema moyoni, ndiyo hivyo, ndicho kinyota chenyewe.
Mkono ulikuwa tayari kwenye swichi
niliposogea, nikahesabu tena kwa kidole.
La tisa lilikuwepo, nusu yake tu,
limechungulia nyuma ya trekta.

Kumbukumbu za kikao nilikwisha kuzifunga.